Sarolta Vadász na Somo la Glasi Mbili

Bi Sarolta Vadász anastaafu rasmi tarehe 31 Agosti mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kuitumikia Kozi ya Kiangazi ya Utamaduni na Mawasiliano ya Kihungaria hapa chuoni kwetu. Ofisi imenipa ukurasa mmoja wa kumuaga. Nimeupokea, nimeshukuru, na nimeshaanza kuupita. Wanaonung'unika kwamba mwalimu wa ngoma hajui kufupisha mambo, wajaribu wao kumfupisha Sari.

Sisi tuliopewa ruhusa tunamwita Sari. Wanafunzi humwita Shangazi Sari, kama vijana wetu wanavyomwita mwanamke yeyote mtu mzima wanayempenda au kumwogopa, na yeye walimpenda na kumwogopa kwa pamoja. Nilipomwambia nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake, alinitazama juu ya miwani akasema, "Vendel, ukiandika kwamba sijutii kitu, nitapanda jukwaani nikukanushe mbele ya mkuu wa chuo." Namfahamu. Angepanda kweli. Kwa hiyo msomaji asishangae akikuta majuto katika karatasi hii ya sherehe. Yamewekwa kwa amri ya mwenye sherehe.

Kozi ilianza mara tu baada ya mipaka kufunguka. Profesa Elek Ormos, mkuu wa idara wakati huo, mtu mrefu, mpole, ambaye tai yake ilikuwa daima imeangukia upande, alipata wazo la kuwaalika wageni kwa wiki nne kila Julai. Wengi wa mwanzo walikuwa wajukuu wa Wahungaria waliokimbia nchi zamani, vijana wa ng'ambo waliokuja na picha moja ya bibi na maneno matano ya lugha, manne kati ya hayo yakiwa ya chakula. Profesa alihitaji mwalimu asiyeogopa watu. Alimchukua Sarolta kutoka shule ya sekondari ya hapa mjini. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, ameolewa mara moja na kuachika upesi, jambo ambalo hadi leo hulieleza kwa kusema tu kwamba chakula cha harusi kilikuwa kizuri.

Ni yeye aliyegundua kwamba wageni wetu wanaweza kujifunza nyimbo zote za nchi hii na bado wasielewane na muuza nyanya. Akabuni mtihani wa soko. Kila mwanafunzi alipelekwa sokoni kuulizwa hali, na asirudi mpaka amelalamika ipasavyo. Kijana mmoja wa Ohio aliyeitwa Craig alikuwa kila akiulizwa hujambo anajibu, "Safi kabisa! Vizuri mno!" huku meno yote yako nje. Muuza nyanya alirudi nyuma hatua, akakumbatia pochi yake, akamuuliza, "Unauza nini, mwanangu?" Sari alimweka chini kijana yule akampa somo. "Akikuuliza hujambo, mwambie mgongo. Huna mgongo mbovu? Basi mwambie joto. Mtu asiye na shida yoyote ana jambo analoficha." Wiki iliyofuata Craig alirudi na mfuko wa cheri za bure. Alikuwa amelalamikia mbwa wa mama mwenye nyumba wake, na yule muuza nyanya alimshika mkono akamsimulia habari za magoti yake yote mawili, la kulia, kisha la kushoto. Alifaulu kwa alama za juu.

Mwaka mwingine alikuja Mwanahawa, mwanafunzi wa kutoka Tanga, akasema kwao huwezi kuanza na ugonjwa. Husema kwanza njema, halafu ugonjwa unafuata nyuma polepole. Sari alicheka mpaka akatoa leso. Akaandika ubaoni "Njia ya Tanga" na akaifundisha kila mwaka tangu siku hiyo, akidai kuwa ndiyo adabu ya hali ya juu kabisa aliyowahi kuisikia, kwamba mtu anafungua mlango kabla ya kukumwagia shida zake.

Chakula cha Jumapili katika nyumba za wenyeji nacho ni kazi yake. Alizunguka mtaa kwa mtaa akiwaomba akina bibi wampokee mgeni mmoja, na akina bibi wetu hawahitaji kuombwa mara mbili kumlisha mtu. Balaa lilikuwa upande wa wageni. Mgeni mmoja kutoka Ufini alimwambia Bibi Rozália "asante, nimeshiba" baada ya sahani ya kwanza ya pilipili hoho zilizojazwa nyama. Bibi Rozália alimpigia Sari simu akilia, akitaka kujua amemkosea nini mtoto wa watu. Ilibidi Sari apande baiskeli aende kusuluhisha, na aliporudi alikuwa ameshindiliwa sahani tatu.

Lakini somo lililompatia jina ni lile la wiki ya pili, wanafunzi waliloliita somo la glasi mbili. Hilo ndilo linalonifanya niupite ukurasa wangu.

Kwetu mtu mzima hakurupuki kumwita mwenzake kwa jina. Mnaweza kufanya kazi meza kwa meza nusu ya maisha, yeye ni Bwana Mhandisi na wewe ni Bi Mhasibu, mpaka siku mmoja wenu aseme, "Tunywe pertu." Basi mnajaza vijiglasi pálinka, pombe yetu kali ya matunda, mnapitishana mikono viwikoni, mnakunywa kwa pamoja, mnabusiana mashavuni, kila mmoja anataja jina lake. Imekwisha. Tangu hapo ni majina tu, na hakuna kurudi nyuma. Anayerudi kwenye vyeo baada ya pertu amemfungia mwenzake mlango usoni.

Kinachosumbua ni nani aanze. Mwanamke humpa mwanamume pertu. Mkubwa humpa mdogo. Bosi humpa aliye chini yake. Yule wa upande wa pili hana ruhusa hata ya kudokeza. Akidokeza amekosa adabu. Sari alichora yote hayo ubaoni kwa mishale, na kila mwaka alitokea mwanafunzi mwerevu wa kuinua mkono: je, ikiwa mwanamume ndiye mkubwa, tena ndiye bosi? Darasa lilicheka. Sari aliweka chaki chini. "Hapo, wapenzi wangu," alisema, "ndipo Wahungaria wanapozeekea."

Halafu yalifuata maonyesho. Profesa Ormos aliingia darasani na koti lake, amejiandaa kama bwana harusi wa mara ya pili. Kwa kuwa ilikuwa asubuhi na chuo hakitaki pombe darasani, glasi zilijazwa sharubati ya rasiberi. Wakapitishana mikono. Wakanywa. Profesa akasema, "Elek." Sari akasema, "Sarolta." Wakabusiana mashavu yote mawili, na wanafunzi wakapiga makofi. Kisha Profesa alichukua koti lake akainamisha kichwa, "Asante sana, Bi Mwalimu." Naye akamjibu, "Karibu tena, Bwana Profesa."

Wanafunzi walidhani hilo la mwisho ni sehemu ya mchezo na walicheka zaidi. Sisi wengine hatukucheka sana. Wale watu wawili walikuwa pua na mdomo. Baada ya vipindi Profesa alimbebea mkoba wenye redio ya kanda hadi kituo cha tramu, hata pale redio yenyewe ilipoacha kutumika na mkoba ukawa na karatasi tatu tu ndani yake. Kila Ijumaa Sari alileta keki ya kukunja ya cheri, na kipande cha pembeni kilichoungua kidogo kilikuwa cha Profesa, ole wake atakayekigusa. Sari alipofanyiwa upasuaji, Profesa alikaa kwenye korido ya hospitali tangu asubuhi, amefunga tai. Muuguzi alimuuliza kama yeye ndiye mume. "Hapana," alijibu, "mimi ni mkuu wake wa idara." Muuguzi alimwambia wakuu wa idara hawaruhusiwi kukaa pale. Hakuondoka.

Na mke hakuwepo wa kumzuia. Profesa alikuwa amefiwa na mkewe tangu zamani, ana binti mmoja, Kinga. Basi ilikuwa nini? Ilikuwa ile ile mishale ya ubaoni. Sari ni mwanamke, aanze. Profesa ni mkubwa na bosi, aanze. Kila mmoja alimsubiri mwenzake kwa heshima zote, na heshima zikawamaliza.

Mimi nilijiunga na kozi miaka saba baada yao, kijana wa kucheza na kuchezesha, na Sari alinipa pertu wiki ya pili tu, kwenye ngazi, kwa sababu alikuwa na chupa na hakutaka kunywa peke yake. Alikuwa mwepisi hivyo kwa watu wote. Alimpa mlinzi wa lango. Alimpa fundi wa mabomba aliyekuja siku moja. Kwa hiyo nilipouona ule ubwana na ubibi wao nilidhani ni utani wa wakubwa, mpaka nilipoona si utani, nikakasirika.

Siku ya jina la Sarolta, ambayo kwetu kila mwenye jina hilo husherehekewa, huangukia tarehe tano Julai, mwanzoni kabisa mwa kozi, na tulikuwa na kawaida ya kupika supu ya samaki kando ya mto Tisza, sufuria imening'inizwa juu ya moto, pilipili nyekundu ya kutosha kumfanya Mfini atubu. Mwaka mmoja nilijaza vijiglasi viwili pálinka ya aprikoti nikaviweka mbele yao. "Leo basi," nikasema. Wenzangu wote wakabaki na vijiko hewani. Profesa aliiva uso kwa wekundu kuliko supu. Alinyanyua glasi akasema, "Haki ya kutoa ni ya Bi Mwalimu, leo ni siku yake." Sari akanyanyua yake. "Siwezi kumtangulia Bwana Profesa, yeye ndiye mkuu wetu." Wakainamiana vichwa. Wakanywa, kila mtu na mkono wake. Nilitamani kuwatumbukiza wote wawili mtoni.

Mchana ule ule Profesa alinivuta pembeni, nyuma ya mti mkubwa unaoinamia ukingo, akaniita kwa jina la ukoo kama kawaida yake. "Kocsis, unadhani angekubali?"

"Muulize!"

"Nitamwulizaje? Ni mwanamke. Nikianza mimi atajiona amebanwa, mimi ni mkuu wake. Akitaka, atasema."

Sikumaliza hata kuosha sufuria, Sari naye akaja. "Vendel, wewe una kichaa? Mtu ni profesa, ana vitabu, mimi nimrukie shingoni? Akitaka, atasema."

Nikamwambia waziwazi kwamba anataka, amesema sasa hivi, nyuma ya mti ule pale. Alipangusa mikono kwenye aproni. "Amekwambia wewe," alisema. "Hajaniambia mimi." Nilikwenda kumwambia Profesa vivyo hivyo, na yeye alinijibu yale yale, neno kwa neno. Hapo nikakubali kwamba kazi yangu ni ngoma.

Profesa alipostaafu tulishusha pumzi. Sari ndiye aliyeshika nafasi yake ya kuongoza kozi, na aliiongoza vizuri kuliko wote: alileta wanafunzi kutoka nchi ambazo hatukuwa na ramani zao ukutani, akapewa cheti cha heshima na manispaa, akaitetea bajeti mbele ya watu ambao wangependa kuifuta kila Desemba. Sasa alikuwa mwanamke na bosi kwa pamoja. Mishale yote ya ubaoni ilimwelekea yeye. Nilimkumbusha. Akanijibu kwa sauti ya chini, na ndilo jibu la pekee katika mambo haya ambalo sikuweza kulipinga. "Amepoteza ofisi, amepoteza ufunguo, jina lake limetolewa mlangoni. Kilichobaki ni kwamba bado kuna mtu anamwita Bwana Profesa. Nimvue na hicho?"

Kwa hiyo aliendelea kumwita hivyo, na mzee aliendelea kuja kila Julai kwa ajili ya somo la glasi mbili. Mwaka wa ugonjwa ule uliofungia watu majumbani, kozi ilifanyika kwenye skrini. Kinga alimwekea baba yake kompyuta mezani. Wanafunzi walimwona kwenye kidirisha kimoja na Sari kwenye kingine, kila mmoja amekunja mkono hewani kuzunguka kiwiko kisichokuwepo. "Elek," alisema mmoja. "Sarolta," alisema wa pili. Makofi yalikuja yakikatikakatika. Profesa hakujua jinsi ya kuzima kamera, na baada ya darasa kwisha alikaa pale, na Sari naye hakuondoka. Walizungumzia bei ya cheri.

Baada ya hapo alianza kusahau. Kwanza miwani, kisha siku, kisha njia ya kurudi nyumbani. Kinga alimhamishia kwake Győr, upande wa pili wa nchi. Oktoba iliyopita Sari alipanda treni kwenda kumwona. Aliporudi nilimuuliza hali ya mzee. "Hajambo," alisema, "anakula vizuri." Nilipaswa kushtuka hapo hapo. Huyu ndiye mwanamke aliyefundisha dunia nzima kwamba Mhungaria haulizwi hali akajibu hajambo.

Profesa Ormos alifariki Februari. Alirudishwa kuzikwa hapa mjini, kando ya mkewe. Kwenye duka la maua muuzaji alimuuliza Sari aandike nini kwenye utepe wa shada, maana kwetu shada haliendi kaburini bila maneno ya kuaga na jina la anayeaga. Nilikuwa nimesimama naye. Alifikiri mpaka watu waliokuwa nyuma yetu wakaanza kukohoa. Mwishowe akasema, "Andika: wafanyakazi wenzako." Muuzaji aliandika.

Julai hii ilikuwa kozi yake ya mwisho. Kwa somo la wiki ya pili aliniomba nishike nafasi ya Profesa. Nilivaa koti, nikabeba sinia lenye glasi mbili na jagi la sharubati. Ubaoni mishale ilikuwa tayari. Nilipofika mbele alinipokea sinia akaliweka mezani.

"Mwaka huu hakuna maigizo," aliwaambia wanafunzi. "Mwaka huu nitawasimulia." Na aliwasimulia. Kwa kuwa alisema mbele ya watu wote, na aliniamuru niandike, naandika.

Huko Győr, Kinga alimfungulia mlango akamtahadharisha kwamba huenda baba asimtambue. Mzee alikuwa barazani, blanketi magotini, ingawa jua lilikuwa bado kali. Aligeuza kichwa. Uso wote ukafunguka. "Sari!" alisema. "Umechelewa, Sari wangu. Njoo ukae. Umeniletea kile kipande kilichoungua?" Alisema kwa wepesi, kama mtu ambaye amemwita hivyo maisha yake yote, asubuhi na jioni, jikoni na bustanini. Alikuwa amesahau mwaka, amesahau mji, na pamoja na hayo alikuwa amesahau kwamba hawakuwahi kunywa pertu.

"Na mimi," alisema Sari, "mimi ambaye nilikuwa nimelisubiri neno hilo tangu nikiwa na nywele nyeusi, mdomo wangu ulinitangulia. Nikasema, 'Habari za mchana, Bwana Profesa.'"



Mzee alijitazama, akafunga vifungo vya sweta, akajaribu kusimama kwa ajili ya mgeni. "Niwie radhi sana, Bi Mwalimu," alisema. "Nimejisahau. Sijui nilikuwa nadhani nini." Akamwonyesha kiti kwa mkono, kwa adabu kamili. "Nilifungua mdomo nimwite Elek," Sari alituambia. "Hilo tu. Jina nililolisikia kila mwaka mbele ya darasa. Nikamuuliza kama anapata usingizi. Akasema anapata, asante. Tukazungumzia joto. Saa ya treni ikafika."

Alichukua kitambaa akaifuta ile mishale yote, polepole, mpaka pembeni. "Nimewafundisha nani mwenye haki ya kuanza," alisema. "Nimelifundisha somo hili miaka yote, na nimelifundisha vizuri, watu wameandika hadi tasnifu. Futeni. Anayetaka ndiye aanze. Akikataliwa ataona aibu. Aibu haiui mtu, nimeulizia."

Mle darasani alikuwemo Chizuru, msichana wa Kijapani wa miaka kumi na tisa, mpole kupita wote, ambaye tangu afike alikuwa akimwinamia hata mlinzi wa lango. Kwa sheria zetu zote hakuwa na haki hata nusu: mdogo, mwanafunzi, mgeni. Alitoka kwenye kiti chake, akajimiminia sharubati kwenye glasi moja, akamimina na ya pili, ikafurika mpaka sinia likalowa. Akampelekea Sari. Akapitisha mkono wake kwenye kiwiko cha mwalimu wake, akafumba macho kama anayerukia maji ya baridi, akasema, "Chizuru."

Sari alimtazama. Kisha alikunywa yote kwa mkupuo mmoja na kumbusu mashavuni. "Sarolta," alisema, na hapo ndipo alipolia. Waliobaki wakapanga foleni. Sharubati iliisha nikaenda kuleta maji ya bomba.

Nilimuuliza baadaye, tukiosha glasi, atafanya nini sasa akistaafu, maana watu hutuuliza na sisi hatuna la kuwajibu. Alisema hana mpango wa kusafiri, hana mpango wa kuandika kitabu, na nisithubutu kumpa paka. "Nitakuwa napanda tramu kwenda makaburini," alisema, "nijizoeze kumwita Elek. Kwa sauti. Mkewe atanivumilia, yeye alimwita hivyo tangu mwanzo na hajui ilivyo kazi ngumu."

Sari, kwa niaba ya walimu wa kozi, akina bibi wa Jumapili, wauza nyanya na wanafunzi wa nchi zote uliowafundisha kulalamika, tunakushukuru. Umetufanyia mengi, na sisi hatukuweza kukufanyia lile moja. Tulikuwa tumekaa pale pale kila Julai, tukamwona akikutajia jina lake nawe ukimtajia lako, tukapiga makofi, tukaenda kula.

Nenda ukapumzike. Tunakutakia afya, siku ndefu, tramu isiyochelewa, na jina lisilokwama tena kooni.

Vendel Kocsis
Mwalimu wa ngoma za asili